Kukarabati Nyumba Isiyokuwapo

Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wake uitwao Windows 10. Kwa mwalimu anayesimamia maabara ya tarakilishi shuleni, tarehe hiyo imefufua swali la zamani: je, mashine iliyochoka iboreshwe kama ilivyo, au ifutwe kabisa na kuanzishwa upya? Na akichagua kufuta, leseni aliyo nayo inamruhusu? Watu hudhani kwamba hili ni swali la mafundi peke yao. Mimi nifundishaye isimu naliona kuwa kwanza ni swali la lugha, kisha la haki, na mwisho ndipo liwe la ufundi.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Tukisema, "Juma alijenga nyumba," twaelewa kwamba nyumba hiyo haikuwapo. Imepatikana kutokana na tendo la Juma. Tukisema, "Juma alikarabati nyumba," nyumba ilikuwapo tayari. Hata tukikanusha na kusema, "Juma hakukarabati nyumba," msikilizaji bado ataamini kwamba nyumba ipo, ila haijaguswa. Hiyo ni maana tangulizi, yaani jambo linalochukuliwa kuwa kweli kabla ya kauli kutamkwa. Kitenzi "kuboresha" ni ndugu wa "kukarabati". Hakiboreshwi kisichokuwapo.

Kwa miaka mingi Microsoft iliuza diski za mifumo yake kwa namna mbili. Kulikuwa na diski kamili, iliyoweza kuwekwa katika mashine tupu, na diski ya kuboreshea, iliyouzwa kwa bei nafuu kwa mtu aliyekuwa na toleo la awali. Windows XP ya matumizi ya nyumbani, iliyotoka mwaka 2001, iliuzwa Marekani kwa dola 199 ikiwa kamili, na kwa dola 99 ikiwa ya kuboreshea. Mnunuzi hakupewa nusu ya mfumo kwa nusu ya bei. Alipata mfumo mzima, pamoja na sharti la kuthibitisha kwamba alikuwa mteja wa zamani.

Ugumu unaanzia hapo. Mfumo uliotumika miaka kadhaa hujaa mabaki: vipande vya programu zilizoondolewa, viendeshi vya vifaa visivyokuwapo tena, na pengine virusi vilivyojificha. Kuweka toleo jipya juu ya uchafu huo ni sawa na kupaka chokaa ukuta wenye ufa. Ndiyo maana mafundi wengi hupendelea kufuta kila kitu na kuanza upya. Lakini anayefuta mfumo wa kale hufuta pia ushahidi wa haki yake. Diski ikiuliza, "Nyumba ninayokuja kukarabati iko wapi?" hana cha kuonyesha ila kiwanja kitupu.

Watengenezaji walilitatua jambo hili kwa njia zilizotofautiana, na katika tofauti hizo tunaona jinsi walivyomfikiria mteja. Diski ya kuboreshea ya Windows XP iliuliza kwa adabu. Ilipokuta mashine tupu, ilimwomba mtumiaji aingize kwa muda diski ya toleo la awali, kama vile Windows 98 au Windows 2000, ikaikagua, kisha ikaendelea. Mwenye nyumba alionyesha hati yake, akaruhusiwa kujenga upya.

Windows Vista, iliyofikia umma tarehe 30 Januari 2007, iliachana na adabu hiyo. Ilitaka kazi ianzishwe kutoka ndani ya mfumo wa kale uliokuwa ukifanya kazi. Kuonyesha diski hakukutosha. Muda si muda ikajulikana kwamba ungeweza kuiweka Vista katika mashine tupu bila kuandika namba ya leseni, nayo ikakubali kutumika kwa majaribio ya siku 30. Kisha, ukiwa ndani yake, ukaanzisha tena diski ile ile, safari hii ukiandika namba na kuchagua kuboresha. Vista ikaikuta Vista, ikaridhika. Mfumo ulijitolea ushahidi wenyewe, kama mtu anayejidhamini mahakamani.

Windows 10, iliyotoka tarehe 29 Julai 2015, ilileta utaratibu mwingine. Mwanzoni mwenye Windows 7 au 8.1 alilazimika kuboresha kwanza, haki yake isajiliwe na kampuni kwa mashine ile, ndipo afute na kuweka upya. Mwezi Novemba mwaka huo huo namba za matoleo hayo zilianza kukubaliwa moja kwa moja. Ushahidi ukahama kutoka katika diski ya mteja, ukaingia katika kumbukumbu za kampuni.

Je, aliyetumia ujanja wa Vista alitenda haki? Kiswahili chatukumbusha kuwa waangalifu, kwa kuwa kitenzi "kuweza" kina nyuso mbili. "Naweza kulibeba gunia hili" ni habari ya nguvu, "Naweza kuingia?" ni ombi la ruhusa. Fundi asemapo, "Inawezekana," amejibu swali la nguvu peke yake. Ruhusa imo katika leseni, nayo leseni ya kuboresha humtaka mtu awe na haki halali ya toleo la awali. Isitoshe, baada ya kuboresha, leseni ya kale humezwa na mpya. Haifai kuhamishiwa mashine ya jirani. Kwa hiyo aliyekuwa na Windows XP halali, akapitia mlango huo wa nyuma ili apate mfumo safi, kwa maoni yangu aliingia nyumbani kwake. Asiyekuwa na chochote aliingia nyumba ya mwenziwe. Mlango ni ule ule, lakini matendo ni mawili.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu shule zimo hatarini zaidi kuliko mtu binafsi. Leseni za jumla za Windows ambazo Microsoft huziuzia taasisi, zikiwamo za elimu, kwa kawaida ni za kuboresha. Shule ikinunua tarakilishi tupu, kisha ikalipia leseni ya jumla pekee, inaweza kuwa imelipa fedha nyingi na bado isiwe na haki kamili, kwa kuwa imelipia ukarabati wa nyumba ambayo haijawahi kuimiliki. Aidha, mashine zinazopokewa kama msaada zaweza kufika zikiwa zimefutwa. Mwalimu azipokeaye hana budi kuuliza, pamoja na idadi na kasi, kama leseni zake zimeandamana nazo.

Kiswahili nacho kimewahi kuonja hali hii. Katika miaka ya 2000 Microsoft ilitoa kifurushi cha kuionyesha Windows kwa Kiswahili, nasi tulifurahi, kwani lugha yetu ilipata nafasi katika kioo cha tarakilishi. Lakini kifurushi hicho hakikuweza kusimama peke yake. Kilihitaji Windows ya Kiingereza iwepo kwanza, kisha maneno yetu yatandazwe juu yake, na pale yalipokosekana, Kiingereza kikachungulia. Msomi wa lugha hawezi kuitazama hali hiyo bila kujiuliza ni mara ngapi tunakiboresha Kiswahili juu ya misingi ya lugha nyingine badala ya kukijengea msingi wake.

Leo mwenye Windows 10 halali anaweza kupanda hadi Windows 11 bila malipo, iwapo mashine yake ina kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakato kinachokubaliwa. Mashine nyingi za zamani hazina. Kwa hizo ipo mifumo ya Linux, ambayo haimdai mtu ushahidi wa alichokuwa nacho jana.

Njia yoyote itakayochaguliwa, kila shule iwe na daftari linaloorodhesha mashine, leseni, stakabadhi na namba zake, na lifungiwe kabatini pamoja na hati nyingine za thamani. Wanafunzi nao wafundishwe kusoma masharti ya leseni kama wasomavyo ushairi: neno kwa neno, wakitafuta pia yale yaliyochukuliwa kuwa kweli bila kutamkwa.