Wachongaji wa Changamwe na Mteja Asiyekuja

Ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulianzishwa Changamwe, Mombasa, mwaka 1963, karibu na uwanja wa ndege. Ufundi wenyewe ulitoka Wamunyu, alikoupeleka Mutisya Munge baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Inasimuliwa kwamba aliuokota kwa Wazaramo wa Tanganyika. Huko Changamwe ufundi huo uligeuka biashara kubwa: twiga, simba, vijiko vya saladi, vyote kwa kipimo cha sanduku la mtalii.

Kudorora kwake huelezwa kwa miti na mabomu. Ni kweli kiasi. Mpingo na muhugu hukua polepole mno, na ilipoadimika, wachongaji wakageukia mwembe na mwarobaini. Kisha mabomu ya Nairobi 1998 na Kikambala 2002, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, korona 2020. Kila mara watalii walipoadimika, tezo nazo zilitulia. Lakini soko linalouawa na taarifa moja ya habari huko Ulaya lilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Wachongaji walihitaji mteja wa pili, na mteja huyo ni serikali, yenye kuta za kupamba.

Watawala wa zamani walijua kazi ya ukuta. Juu ya lango la Fort Jesus bado yapo maandishi ya mawe yanayotaja mwaka 1635, ambamo kapteni Mreno Francisco de Seixas de Cabreira anajigamba jinsi alivyoitiisha pwani. Ni majivuno matupu, ila yamedumu. Ufaransa tangu 1951 hutenga asilimia 1 ya gharama za majengo ya umma, kwanza ya shule na vyuo, kwa ajili ya sanaa. Kwetu, kaunti ya Mombasa ilipoamua mwaka 2018 kupendezesha mji, iliagiza rangi: nyeupe na buluu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inaitaka serikali ikuze sanaa, na shughuli za utamaduni zimekabidhiwa kaunti. Kisingizio cha sheria hakipo. Kipo kikwazo cha ufundi: aliyezoea kuchonga kifaru cha mezani hataamka kesho akachonga ubao mpana wa picha za kuchomoza, na mbao nje, kwenye chumvi na mchwa wa Mombasa, hazidumu. Basi zianze ndani, kwenye kumbi na vyumba vya mapokezi.

Jengo lijalo la kaunti, liwe Likoni, Kisauni au Changamwe, liwekewe fungu la uchongaji kwenye bajeti yake, na kazi itangazwe kwa zabuni ya wazi.