Uwekezaji Endelevu katika Majisafi na Majitaka: Mfano wa Machakos

Utangulizi

Makala hii inanuia kueleza kwa nini mji unaokua hauwezi kutegemea visima na mabwawa mapya pekee, na jinsi fedha za maji zinavyoweza kuleta manufaa ya kudumu. Mfano wetu ni Machakos, mji wa Ukambani ambako mvua hunyesha kwa misimu miwili na aghalabu haitoshi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi ya kutosha na usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa. Katiba hiyo hiyo imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hizo. Haki hiyo, hata hivyo, hupita katika mabomba, na mabomba yana gharama.

Bwawa huanzia mlimani

Bwawa la Maruba ni miongoni mwa vyanzo vya maji ya mji huu. Mvua inaponyesha juu ya ardhi tupu, udongo husombwa na kutua bwawani, ukachukua nafasi ya maji. Kwa hivyo, matuta ya mashambani ni sehemu ya mfumo wa maji sawa na mabomba yenyewe. Wenyeji wanalifahamu jambo hili. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1994, walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko wa udongo ulipungua. Matuta yaliyochimbwa, mengi kwa nguvu za vikundi vya mwethya, yalikuwa uwekezaji halisi.

Maji yasiyolipiwa

Maji yasiyolipiwa ni yale yanayosafishwa na kusukumwa mjini bila kuingiza mapato, ama kwa sababu ya mabomba yanayovuja, mita mbovu au wizi. Nchini Kenya kiwango chake kimekuwa zaidi ya asilimia 40. Maana yake ni kwamba katika kila mitungi kumi, minne haimrudishii mtoa huduma chochote. Mapato yakipungua, ukarabati huahirishwa. Ukarabati ukiahirishwa, uvujaji huzidi. Anayeumia zaidi ni mkaazi asiye na bomba, ambaye hununua maji ya mkokoteni kwa bei inayoshinda ya jirani yake mwenye mfereji. Kuziba mivujo, kwa kawaida, ni nafuu kuliko kujenga bwawa jingine.

Majitaka nayo

Sehemu kubwa ya maji yanayoingia nyumbani hutoka yakiwa majitaka. Katika mfumo wa mabwawa ya kusafishia, majitaka hupitishwa kutoka bwawa moja hadi jingine: taka nzito hutuama, bakteria huozesha uchafu, na jua huua vijidudu. Mji ukipanua mabomba ya majisafi bila kupanua ya majitaka, huwa unaongeza uchafu. Mto Athi ni ushahidi. Uchafu wa Nairobi huingia Mto Nairobi, kisha Athi, ukapita katika Kaunti ya Machakos na kuelekea Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018. Asichokisafisha aliye juu hunywewa na aliye chini.

Nafasi ya Kiswahili

Msomaji huenda akauliza: haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka umma ushauriwe, na bei ya maji ni mojawapo ya mambo yanayomgusa mwananchi moja kwa moja. Mwananchi hawezi kuchangia hoja asiyoielewa. Tanzania imekwisha kuzoea istilahi "majisafi" na "majitaka" katika matumizi rasmi. Nchini Kenya, nyaraka nyingi za sekta hii zingali katika Kiingereza. Wanaisimu wana wajibu wa kusanifu istilahi hizi na kuzifikisha katika ankara, mabango na mabaraza.

Hitimisho

Uwekezaji endelevu ni ule unaotunza mlima, bomba na mto kwa pamoja, na unaotenga fedha za ukarabati kila mwaka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Machakos, ufa huo umo katika bomba lililofukiwa ardhini, na walipaji wa ankara ndio watakaojenga ukuta.