Dende wako anakokota miguu ya nyuma? Soma hii kabla ya kukimbilia farmasi

Mama mmoja wa teritwari ya Walungu alikuwa na dende 24 ndani ya jiko lake. Mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, mmoja alianza kukokota miguu ya nyuma. Kisha wawili, kisha watano. Walikuwa wanakaa pembeni ya ukuta, manyoya yamesimama, na ukiwashika wanapiga kelele kama mtoto anayefinywa. Mama akafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya.

"Nilizani ni mutu aliwatilia sumu," anasema. "Nikaenda pa farmasi, nikaeleza, bakaniuzisha amoxi. Nikasaga komprime, nikawapa bote, hata bale bazima. Siku ya tatu asubui nikafungua mulango, nikakuta kumi na mbili bamelala chini. Bengine bakafwata."

Wakati fundi wa mifugo alipofika, walikuwa wamebaki sita. Akamshika mmoja, akafungua mdomo wake, akaonyesha fizi zilizokuwa zinatoka damu. Akagusa magoti: yamevimba. Hakukuwa na sumu yoyote. Dende walikuwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, na ile dawa ya farmasi ndiyo iliyomaliza wengi wao.

Sisi tuliona habari hii inastahili kuelezwa kwa kirefu, juu dende si mchezo kwetu. Ng'ombe na mbuzi wengi walichukuliwa wakati wa vita, na familia nyingi za Kivu ya Kusini zimebaki na huyu mnyama mdogo ambaye mtu anaweza kumficha chini ya kitanda ao kukimbia naye ndani ya kikapu. Ni nyama ya mtoto, ni daftari, ni sabuni, ni chumvi. Ni pia mnyama wa watoto: wao ndio wanakwenda kumkatia majani wakitoka masomo, na mara nyingi wamekwisha kumpa jina. Kwa hiyo akianza kuumia, nyumba nzima inaumia.

Sasa, kwa nini dende anapata ugonjwa ambao mbuzi hapati?

Mbuzi, ng'ombe, mbwa, kuku, hawa wote wanajitengenezea vitamini C ndani ya mwili. Mbuzi anaweza kula majani makavu miezi mitatu na fizi zake zikabaki nzima. Dende hawezi. Ndani ya ini lake kunakosekana kitu kimoja kidogo, ile hatua ya mwisho ya kugeuza sukari kuwa vitamini C. Hakosi kwa sababu ya ufugaji mbaya: anazaliwa hivyo, na babu zake kule milima ya Amerika ya Kusini walikuwa hivyo. Porini haikuwa shida, maana walikuwa wanakula majani mabichi kila siku. Shida inaanza siku sisi tunamfungia jikoni na kuamua atakula nini.

Na sisi watu tuko kama yeye. Mwanadamu naye hawezi kujitengenezea vitamini C. Tofauti ni kwamba sisi tunaweza kutoka tukatafuta pera.

Vitamini C inafanya kazi gani? Mwili umeshikwa na nyuzi nyingi sana, kama vile nyumba ya miti inavyoshikwa na kamba. Nyuzi hizo ziko ndani ya ngozi, ndani ya mishipa ya damu, kwenye viungo, pale jino linapoingia ndani ya fizi. Bila vitamini C, mwili unazitengeneza vibaya. Zinalegea. Mishipa midogo inaanza kuvuja damu, zaidi kwenye magoti, na ndiyo maana dende anakokota miguu na kulia ukimgusa. Anaumia kweli. Meno yanalegea, anashindwa kutafuna, anakonda. Kidonda hakiponi. Jike mwenye mimba anaweza kuitoa. Yote hayo yanaweza kuanza ndani ya wiki mbili ao tatu tu tangu majani mabichi yapotee, kwa sababu dende hana akiba kubwa.

Ndiyo sababu ya mwezi wa saba. Kuanzia mwezi wa sita, majani yanakauka, watoto wanakwenda mbali kuyatafuta, na wengine wanaanza kuwapa dende maganda ya mahindi, majani makavu ya ndizi, mabaki ya bugali. Tumbo linajaa. Lakini jani likikauka linapoteza sehemu kubwa ya vitamini C yake, na chakula kilichopikwa kimeipoteza ndani ya moto. Dende anaweza kuwa na tumbo limejaa na kiseyeye wakati huohuo. Wafugaji wengi hapo wanakosea, na hatuwezi kuwalaumu: wanaona sahani iko tupu, wanasema alikula.

Kuna jambo moja ambalo wachache wanalijua. Dunia ilijifunza vitamini C kupitia dende. Mwaka 1907, kule Norway, Axel Holst na Theodor Frølich walikuwa wanachunguza ugonjwa uliokuwa unawapata mabaharia. Wakawapa dende nafaka na mkate, basi. Dende wakapata kiseyeye, sawasawa na mabaharia. Baadaye, mwaka 1928, Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alitoa unga fulani ndani ya tezi za ng'ombe, zile tezi ndogo zinazokaa juu ya figo, ambazo huweka vitamini C kwa wingi. Hakujua bado kama ndiyo yenyewe. Miaka michache baadaye, yeye na Joseph Svirbely waliwapa dende ule unga: waliopewa walibaki wazima, wasiopewa wakafa. Mwaka 1937 Szent-Györgyi akapata tuzo ya Nobeli. Kwa hiyo yule mnyama anayelia jikoni kwako akisikia sauti ya kisu kwenye majani, ametusaidia kuliko tunavyofikiri.

Turudi kwa amoxi, kwa sababu hapo ndipo hasara kubwa ilitokea.

Tumbo la dende linafanya kazi kama pipa la kasiksi. Majani yanaingia, na ndani kuna vijidudu vizuri vinavyoyachachusha hadi yawe chakula. Bila vijidudu hivyo dende hawezi kuishi. Amoksisilini, ampisilini na penisilini vinaua hasa aina ile ya vijidudu vizuri. Pipa linabaki tupu, na kijidudu kibaya ambacho kilikuwa kimebanwa kinapata nafasi ya kuongezeka na kutoa sumu yake ndani ya utumbo. Dende anaacha kula, anahara, anakufa ndani ya siku chache. Dawa inayomponya mtoto wako kikohozi inaweza kuua dende wako wote, hata wale waliokuwa wazima. Usifikiri sindano ni afadhali: penisilini ya sindano nayo inaua. Eritromisini ni vilevile, na oksitetrasiklini ambayo wengi wanachoma mbuzi nayo ni ya kuogopa. Ziko antibiotiki ambazo dende anazivumilia vizuri zaidi, kama kotrimoksazoli, lakini kipimo chake kinatolewa na fundi wa mifugo, na hazina kazi yoyote kwa kiseyeye. Kiseyeye hakitoki kwa kijidudu.

Dawa yake iko farmasi hiyohiyo, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ya amoxi: komprime ya kawaida ya vitamini C ya miligramu 500. Uliza ile iliyo na vitamini C peke yake, siyo iliyochanganywa na vitamini zingine, maana hizo zingine zikizidi zinaweza kumdhuru.

Fanya hivi. Chukua komprime moja ya 500, isage vizuri. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, kisha pima mililita 10 kwa seringi na uchanganye. Sasa kila mililita moja ina miligramu 50. Dende mkubwa aliye mgonjwa, mwenye uzito wa nusu kilo hadi kilo moja, apewe mililita moja kwa siku. Ondoa sindano kwenye seringi, ingiza ncha pembeni ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele, na usukume polepole, kidogo kidogo, huku unamwacha ameze. Ukisukuma kwa nguvu maji yataingia kwenye mapafu na utamuua kwa dawa nzuri. Kinachobaki kimwage, kesho tengeneza mpya, kwa sababu vitamini C ndani ya maji inaharibika haraka. Kwa sababu hiyohiyo hatushauri kuiweka ndani ya chombo chao cha kunywea: hautajua nani alikunywa na nani hakukunywa, na mgonjwa ndiye anayekunywa kidogo kuliko wote.

Endelea wiki moja hadi mbili. Wengi wanaanza kusogea vizuri ndani ya wiki ya kwanza. Wakati huo mgonjwa akae peke yake, si kwa kuogopa ataambukiza wenzake, kiseyeye hakiambukizi, ila kwa sababu wenye nguvu wanamkanyaga na kumnyima chakula. Mwekee majani makavu laini ya kulalia. Mletee chakula na maji karibu na mdomo, maana kutembea hatua tatu kwake ni maumivu. Ukimbeba, shika kifua kwa mkono mmoja na tegemeza matako kwa mwingine, usimwinue kwa ngozi ya mgongo. Waeleze watoto pia, juu wao ndio wanapenda kumshika. Jike aliyekuwa mgonjwa asipandishwe upesi, mimba yake inachukua miezi miwili na zaidi na itamwomba nguvu ambazo hana.

Wengine hawatapona. Kama meno yameharibika na hatafuni tena, ama hainuki kabisa baada ya wiki ya dawa, hakuna haja ya kumwacha ateseke. Wasomaji watauliza: tunaweza kumla? Dende aliyechinjwa akiwa na kiseyeye hawezi kukuambukiza hicho kiseyeye. Lakini aliyepewa antibiotiki, hapana. Na yule uliyemkuta amekufa asubuhi, hapana kabisa, hata kama nyumba ina njaa. Mzike mbali na maji.

Siyo kila dende anayechechemea ana kiseyeye. Anaweza kuwa aliangukiwa na kuni ama kuumwa na panya, na hapo mara nyingi ni mmoja tu, mguu mmoja tu. Akijikuna hadi manyoya yanatoka, huo ni upele, na dawa yake ni nyingine. Akipumua kwa shida na pua inatoka maji, angalia mapafu. Mita fundi haraka. Alama ya kiseyeye ni kwamba wanapatwa wengi kidogo kidogo, ndani ya wakati wa majani makavu, miguu ya nyuma, viungo vimevimba, fizi zinatoka damu.

Kwa walio wazima, mtu hahitaji komprime. Dende mzima anatosheka na miligramu 10 hadi 20 kwa siku, mwenye mimba kama 30. Pera ndilo la kwanza: gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, mara nne ya chungwa. Robo ya pera dogo inamtosha dende mmoja kwa siku nzima. Papai lililoiva ni zuri, pilipili tamu ni nzuri sana, majani ya shu na ya lengalenga ni mazuri, mabichi, yaliyokatwa siku hiyo. Lengalenga lisiwe chakula cha peke yake kila siku, lichanganywe na majani mengine. Matembele wanayapenda. Majani ya avoka usiwape, ni sumu kwao. Ya viazi vya kizungu vilevile. Ya muhogo mchungu yakiwa mabichi, hapana.

Ugumu unabaki kiangazi chenyewe. Wafugaji wengine wanapanda lengalenga karibu na pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, sehemu ya hatua mbili kwa tatu tu, ambayo inabaki kijani hata mwezi wa nane. Ni kazi ndogo, ila inapaswa kuanza mwezi wa tano, kabla ya mtu kuwa na wasiwasi.

Wale sita wa mama wa Walungu walipewa vitamini C kwa siku kumi. Wanne walisimama. Mmoja ni jike, na mwezi wa kumi na moja alizaa watatu, wenye manyoya na macho wazi, kama dende wote wanavyozaliwa. Mama amepanda mpera nyuma ya jiko. Haujazaa bado, kwa hiyo kwa sasa ananunua mapera sokoni, na anasema shida yake mpya ni watoto: anayakata vipande vya dende, anageuka kuchukua maji, akirudi anakuta sahani iko wazi na hakuna anayejua ni nani alikula.