Mwangwi Ndani ya Kisanduku

Mwanafunzi wa Msowero, wilayani Kilosa, akipiga kofi akiwa mita 51 kutoka kwenye ukuta mkubwa, husikia mwangwi baada ya sekunde 0.3; maana sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, nayo huenda na kurudi. Mpiga gitaa la umeme hahitaji ukuta: pedali ya mwangwi humtosheleza.

Mwaka 1969, F. Sangster na K. Teer wa Philips walieleza saketi yenye kapasita nyingi zinazopokezana chaji, mithili ya watu wapokezanao ndoo za maji wakizima moto. Mapigo yanayoongoza upokezanaji huo yakipunguzwa kasi, mwangwi huchelewa zaidi, lakini sauti za juu hazinakiliki vizuri, hivyo huchujwa. Kwa hiyo anayechagua pedali asivutiwe na urefu wa mwangwi pekee. Ausikilize pia usafi wake.

Katika dansi la mapigo 120 kwa dakika, kila pigo huchukua sekunde 0.5, mwangwi wa sekunde 0.25 huangukia katikati barabara. Usipolingana hivyo, magitaa yajibizanayo, kama yale ya Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, huweza kuvurugana. Marudio nayo yasizidishwe: yakipita kiasi, mwangwi hujilisha wenyewe na kugeuka ukelele usiokoma.