Wanafunzi na Waunde Manowari za Mbao

Kila mwaka makundi ya wanafunzi huzuru Ngome ya Yesu, Mombasa. Nimewatazama wakisimama mbele ya vyombo vilivyoopolewa baharini, wakanakili tarehe madaftarini, kisha wakaenda zao. Huandika kwamba manowari ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome hiyo mwaka wa 1697, Waomani walipokuwa wameizingira. Waulize manowari hiyo ilikuwa na umbo gani, nao hunyamaza.

Siwalaumu. Wataalamu waliichimbua kati ya 1977 na 1980, lakini mabaki ya kiunzi chake waliyaacha chini ya maji. Kisichoonekana hakifundishiki kwa chaki pekee. Ndiposa nasisitiza kwamba shule zetu ziwafunze wanafunzi kuunda vielelezo vya manowari za kale, kwa mbao na kwa mikono yao.

Huu si mchezo wa kitoto. Katika karne ya 17 Waingereza waliunda vielelezo vya manowari zao, vingi kwa uwiano wa 1 kwa 48. Sehemu ya ubavu waliiacha bila mbao ili mataruma yaonekane. Vingine vingali vimehifadhiwa Greenwich, London.

Tutazame Uswidi pia. Tarehe 10 Agosti 1628, manowari Vasa ilizama bandarini Stockholm katika safari yake ya kwanza. Iliopolewa mwaka wa 1961, na katika jumba lake la makumbusho kipo kielelezo cha uwiano wa 1 kwa 10. Meli ina urefu wa mita 69; kielelezo basi kinakaribia mita 7. Mwulize mwanafunzi: uzito nao umegawanywa kwa 10? Wengi watakubali, nao watakosea. Urefu, upana na kina vyote vimegawanywa kwa 10, hivyo uzito hugawanywa kwa 1,000. Tani 1,200 huwa tani 1.2. Hiyo ni hesabu ambayo mtoto hataisahau.

Wahenga walinena kuwa chombo cha kuzama hakina usukani. Vasa ilikuwa na usukani. Kilichoiponza ni uzito mwingi juu na farumi haba chini. Kabla ya safari, watu 30 walikimbizwa sitahani kutoka upande hadi upande. Ikayumba mno, zoezi likakatizwa, na bado ikatweka. Mwanafunzi atakayepanga mizinga ya udongo juu ya kielelezo chake na kukiona kikipinduka karaini, ataielewa fizikia na pia gharama ya kunyamazia ukweli.

Wapo watakaoniuliza: kwa nini watoto wetu waunde vyombo vya watawala wa kigeni? Swali ni la haki. Lakini Santo António iliundwa Bassein, India, na katika vita vile Waswahili walikuwamo, ndani ya ngome na nje yake. Historia hiyo ni yetu. Anayetoboa tundu la mzinga kwa mkono wake hana budi kujiuliza mzinga ule ulimlenga nani.

Vifaa si ghali: mabaki ya mbao kutoka kwa seremala, tupa, msasa na gundi. Walimu wa historia, hisabati na ufundi waketi meza moja. Kabla ya kuwapeleka wanafunzi Mombasa, wawape kwanza mbao mkononi. Wakifika ngomeni, watakuwa na maswali ya kuuliza.