Besi Isiyo na Jina la Fundi

Kwa majuma tisini kina mama kumi na wanne wa kikundi chetu cha harusi walitoa shilingi hamsini kila Ijumaa. Zilipotimu 63,000, jamaa zetu walioko Kisumu wakatuletea habari kwamba katika nyumba moja, njia ya kwendea Dunga, pana besi kubwa inauzwa. Mmoja wa waliochanga huuza mahamri na mbaazi alfajiri. Mwengine ni mjane aleaye wajukuu watatu. Fedha za namna hiyo hazichezewi. Tulipotumwa watatu kwenda kuitazama, tulikwenda kama waendao kuposa: kwa adabu, na kwa hofu kidogo.

Besi tuisemayo ni ala yenye umbo la fidla, ndefu kumshinda mpigaji, husimamishwa sakafuni na kuwa na nyuzi nne nene. Aliyewahi kusikiliza taarab ya Unguja anaijua hata kama hajui inavyoitwa: ni ile sauti ya chini inayotembea polepole wakati fidla na ganuni zinaporuka juu. Vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, vilipofuata mtindo wa okestra za Misri viliipa besi nafasi yake. Kwetu Mombasa kazi hiyo imeshikwa na gitaa la umeme, nalo ndilo lililotuchosha. Stima ikikatika usiku wa harusi, wimbo wote hubaki bila miguu. Tena kina dada wetu wamekwishaona kwamba ala hii si ya wanaume peke yao, kwani katika kikundi cha Tausi cha Unguja, alichokianzisha Mariam Hamdani mwaka 2009, wanawake hupiga ala zao wenyewe.

Tunajua fika kwamba wapo masheikh wetu wasioridhia ala za nyuzi, na hatuna elimu ya kubishana nao. Msomaji mwenye rai hiyo na aisome makala hii kama habari ya kununua kabati kuukuu, maana sehemu kubwa ya tuliyojifunza ni habari ya mbao, gundi na ulimi wa muuzaji.

Besi ya Kisumu haikuwa na jina. Tulimulika kwa tochi ya simu kupitia matundu mawili ya kifuani, yale yenye umbo la herufi f, tukitafuta karatasi ya fundi ambayo kwa kawaida hubandikwa ndani. Palikuwa na vumbi tu. Mwenzetu mmoja akanong'ona kuwa kitu kisicho na jina ni cha wizi au cha bandia. Ukweli ni kinyume chake mara nyingi. Karatasi ni rahisi kuchapishwa na kubandikwa, na tangu zamani ala nyingi zimeuzwa zikiwa na majina ya mafundi mashuhuri ambao hawakuzigusa kamwe. Besi isiyo na karatasi angalau haijakudanganya bado. Hukulazimisha uitazame yenyewe.

Jambo la kwanza la kujua ni aina ya mbao. Ziko besi za ubao mzima uliochongwa, ziko za plaiwudi, na ziko zilizochanganywa, uso ukawa wa ubao mzima na mgongo wa plaiwudi. Jibu liko kwenye ukingo wa yale matundu ya f. Ukiona mistari ya mti inashuka moja kwa moja kutoka nje hadi ndani, huo ni ubao mzima. Ukiona matabaka yaliyolaliana kama mkate wa chapa, hiyo ni plaiwudi. Wenye kiburi huidharau plaiwudi, lakini sisi tuishio kando ya maji tusifanye haraka. Ubao mzima una sauti tamu zaidi, ila hupanuka na kusinyaa hewa inapobadilika, na mwisho wake hupasuka. Plaiwudi huvumilia. Besi tuliyoikuta ilikuwa ya mchanganyiko, na kwa chombo kilichokaa miaka mingi penye ukungu wa ziwa, kisha kikapitia kiangazi cha Januari na Februari kila mwaka, tulitarajia nyufa.

Kwa hiyo tuligonga. Ukikunja kidole na kugongagonga taratibu kuzunguka ukingo wote wa ala, mahali palipoungana vizuri hutoa sauti imara, na mahali gundi ilipoachia hulia kama sahani iliyopasuka. Tulipata sehemu mbili za namna hiyo, upande wa chini. Hilo si la kuogofya. Kingo za ala hizi hugandishwa makusudi kwa gundi dhaifu ya ngozi za wanyama, ili hewa ikibadilika ziachie kingo badala ya kupasuka ubao, na fundi huzigandisha tena kwa bei nafuu. La kuogofya ni kukuta mtu alikwisha kuzigandisha kwa gundi ya seremala ya madukani. Gundi hiyo haiachii tena, na siku mbao zitakapotaka kusogea zitapasuka katikati.

Shingo tuliitazama kwa jicho moja, kutoka juu kwenda chini, kama seremala apimavyo ubao. Ubao mweusi wa vidole unatakiwa kuwa na bonde dogo sana. Ukiwa na kilima, nyuzi zitagusa na kukwaruza. Kisha tulipaka mate kwenye kitambaa cheupe na kuusugua pembeni. Mti mgumu mweusi hauchuji, lakini mti wa kawaida uliopakwa rangi huacha doa. Kitambaa chetu kilitoka safi, na tukatazamana bila kusema neno, kwani mnunuzi anayetabasamu huongezewa bei. Kiungo cha shingo na kiwiliwili hakikuwa na mwanya. Vigingi vinne vya chuma vilizunguka, kimoja kwa tabu. Vitundu vidogo vya wadudu vilikuwapo nyuma, lakini tulipogonga hapakumwagika unga mpya, basi wadudu hao walikwisha kuhama au kufa.

Ndani ya besi, baina ya uso na mgongo, husimama kijiti cha mviringo ambacho hakikugandishwa kwa chochote. Kinashikiliwa na mbano tu. Waitaliano hukiita roho, na hawakukosea: bila hicho ala hunyong'onyea. Nyuzi nne zikikazwa zina nguvu ya zaidi ya kilo 100, na sehemu ya uzito huo hushuka kwa mguu mmoja wa daraja hadi juu ya kijiti hicho. Ndiyo maana ufa ulio mahali pale ni ufa mbaya kuliko nyufa zote. Tuliingiza kioo kidogo cha wanja kupitia tundu la f, tukamulika, tukatazama. Kijiti kilikuwa kimesimama wima. Ufa hatukuuona. Fundi wa magitaa tuliyekwenda naye naye akatazama, akasema, "Hapa pako sawa."

Mwenye besi alikuwa mama mtu mzima, mjane. Marehemu mumewe aliipiga katika bendi za dansi zama za ujana wake. Alituwekea chai ya maziwa, akakaa pembeni akatuacha tumalize uchunguzi wetu wote. Alikuwa ametaja shilingi 60,000. Tulipomaliza, mkubwa wetu akamwambia, "Mama, tumeridhika. Tuzungumze bei."

Mama akaweka kikombe chini. "Wanangu, kabla hamjazungumza bei. Hii iliwahi kuanguka. Baba yao aliiziba mwenyewe hapo chini ya mguu wa daraja, akapaka rangi. Huwezi kuona. Mimi najua kwa sababu nilishika taa."

Tukalegeza nyuzi, tukalitoa daraja, na pale pale palipofunikwa na mguu wake, chini ya vanishi nyeusi kidogo kuliko ya jirani, palikuwa na mstari wa urefu wa kidole. Kwa ndani vumbi lilikuwa limeufunika. Macho matatu ya kina mama na jicho la fundi yalikuwa yamepita juu yake.

Katika sheria yetu ya biashara aibu ya namna hii ina jina na hukumu. Mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichwa ana haki ya kukirudisha, na hiyo ndiyo khiyari ya kasoro. Wengi tunakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu ndani, akamkemea muuzaji kwa kutoliweka juu lile lililolowa. Mama huyu si Mwislamu, na hakuna aliyemsomea kisa hicho. Alilitoa lililolowa akaliweka juu.

Hapo ndipo tulipogombana, nje, chini ya mwembe. Mtunza hazina wetu alitaka tuutumie ufa huo kushusha bei hadi 30,000. Hoja yake haikuwa ya ulafi: fedha ni amana, na aliyetumwa na wenzake hana ruhusa ya kuwa mkarimu kwa mfuko wao. Mkubwa wetu alisema kwamba mtu akiadhibiwa kwa kusema kweli, mnunuzi atakayekuja kesho ataambiwa uongo. Sisi tuliobaki tulikuwa katikati, na hatuoni haya kusema hivyo. Mwishowe tuliomba khiyari ya sharti, yaani muda wa kufikiri na kuonyesha kwa mjuzi, ambao katika madhehebu ya Shafii hauzidi siku tatu. Mama alicheka, akasema hata juma zima. Tukachukua siku tatu.

Picha za ufa zilipelekwa kwa fundi wa fidla Nairobi. Alisema kiraka cha mbao kwa ndani kitatosha, kwa shilingi 12,000, maadamu ufa haujafika ukingoni. Haukuwa umefika. Tulirudi siku ya tatu asubuhi na kumweleza mama hesabu yote bila kuficha: tulicho nacho, gharama ya fundi, na nauli. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaja 45,000. Mtunza hazina ndiye aliyesema "tumekubali" kabla yetu sote.

Besi ilisafiri katika viti vya nyuma vya basi, imelazwa ubavu, imefungwa kwa magodoro mawili na kanga. Nyuzi tulizilegeza kidogo tu, kwani zikilegezwa kabisa kile kijiti huweza kuanguka, na kukisimamisha tena ni kazi ya fundi. Ilikaa Nairobi siku kumi. Sasa iko Mombasa, chumba cha ndani, mbali na dirisha na mbali na feni. Zile kingo mbili za chini zimegandishwa. Ya tatu imeachia wiki iliyopita.

Mama wa Kisumu hupiga simu kila mwezi kuuliza kama inalia. Mwezi huu tulimwekea simu karibu na daraja, na binti anayejifunza akampigia uzi mmoja mmoja, ule mnene mwisho.