Mkwe Mgeni Huwa Raia Lini?

MGENI siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndivyo walivyonena wahenga, na katika jambo la ndoa wazee wetu hawakungoja hata hiyo siku ya tatu. Bibi arusi alipovuka kizingiti cha mumewe alikuwa keshakuwa mtu wa nyumba ile. Alionyeshwa kisima na shamba, na mawifi wakamfunza nani wa kuamkiwa kwa heshima na nani wa kutaniwa. Hakuna aliyemdai cheti.

Lakini Serikali si jamaa. Serikali ina daftari, na asiyeandikwa katika daftari hilo ni mgeni, hata kama amezaa watoto watano na amezika wakwe zake wote wawili. Hapo ndipo linapozuka swali linaloulizwa sana barazani na sokoni: mtu wa nchi nyingine aliyeoa au kuolewa na Mkenya huwa raia lini?

Wako wanaodhani kuwa uraia huja siku ile ile ya arusi, pamoja na pilau. Wako wanaodhani kuwa mtoto wa kwanza akizaliwa jambo limekwisha. Na wako wanaodhani kuwa mwanamke huupata lakini mwanamume hawezi kamwe. Hawa wa mwisho hawasemi uongo, ila wanaisema sheria iliyokwisha kuzikwa.

Jibu lenyewe limo katika Kifungu cha 15 cha Katiba ya mwaka 2010. Mtu aliyekuwa katika ndoa na raia wa Kenya kwa muda usiopungua miaka saba ana haki ya kuandikishwa kuwa raia, akiomba. Jirani zetu wa Tanzania huita jambo hili tajnisi; Katiba yetu inasema kuandikishwa. Tafadhali msomaji, yashike maneno mawili: “haki” na “akiomba”. Haki ipo, lakini haibishi hodi mlangoni kwa mtu. Mwenyewe ndiye wa kuifuata.

Sheria iliyotoka ng’ambo

Kenya ilipopata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Katiba yake ilimtaja mwanamke peke yake. Mwanamke aliyeolewa na raia wa Kenya alikuwa na haki ya kuandikishwa mara tu alipoomba. Hakutakiwa kungoja miaka miwili wala saba. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mkenya hakutajwa kabisa. Yeye alipaswa kupita njia ndefu, ile ya mgeni yeyote: kuishi nchini kwa miaka iliyotakiwa, kuonyesha kuwa ni mtu wa tabia njema, na kuijua lugha ya Kiswahili kwa kadiri ya kutosha. Baada ya hayo yote, Serikali iliweza kumkubali au kumkatalia.

Wengi husema kuwa sheria hiyo ilifuata mila zetu, maana kwetu mwanamke ndiye anayeolewa na kuhamia kwa mume. Maneno hayo yana ukweli nusu. Sheria ya uraia ya Uingereza ya mwaka 1948 ilikuwa na mpango uo huo: mke wa Mwingereza alikuwa na haki ya kuandikishwa, mume hakuwa nayo. Basi nguo tuliyovaa mwaka 1963 ilishonwa London, ikatokea tu kwamba iliwakaa vizuri wazee wa bara wanaohesabu ukoo kwa upande wa baba.

Lakini haikumkaa kila mtu. Chukua mji wa Lamu. Kwa desturi ya waungwana wa Lamu, baba alimpa binti yake nyumba, na kama hakuwa na kiwanja aliongeza orofa juu ya nyumba yake, au akajenga wikio juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Mume ndiye aliyechukua mzigo wake na kuhamia kwa mkewe. Katika miji ya pwani wageni wa namna hiyo walikuwa wengi. Walikuja na majahazi wakati wa kaskazi kutoka Hadhramaut na Oman, na wengine kusi ilipovuma hawakurudi. Walioa wakatulia, na wajukuu zao leo ni wenyeji wasioulizwa kitu. Kwa watu hawa, mume mgeni halikuwa jambo la ajabu. Sheria ya 1963 ndiyo iliyomwona wa ajabu.

Machungu ya sheria hiyo yalimwangukia mwanamke Mkenya. Mume wake alibaki mgeni wa pasi na vibali. Tena, kama alimzaa mtoto nje ya Kenya na baba mtoto si Mkenya, mtoto huyo hakuwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa. Kaka yake aliyeoa huko huko ng’ambo, watoto wake walikuwa Wakenya. Watoto wa tumbo moja, baba mmoja na mama mmoja, mmoja aliweza kurithisha uraia na mwenzake hakuweza.

Bibi mmoja wa Botswana

Kilio hiki hakikuwa cha Kenya pekee. Nchini Botswana wakili mmoja, Bi. Unity Dow, aliyeolewa na Mmarekani, aliishitaki Serikali yake kwa sababu watoto aliowazaa katika ndoa hiyo hawakuhesabiwa kuwa raia, ijapokuwa walizaliwa na kulelewa Botswana. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 1991, na Mahakama ya Rufaa ikaukubali uamuzi huo mwaka 1992. Nchi yake ikaibadili sheria, na mwaka 1998 Bi. Dow akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Botswana. Wakenya nao walimwona mwaka 2010, alipokuwa miongoni mwa majaji wa mahakama ya muda iliyosikiliza mashauri kuhusu utungaji wa Katiba yetu mpya.

Katiba hiyo ilipigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010 na kuanza kutumika tarehe 27 mwezi huo. Ndani yake mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa baba au mama yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Na katika ndoa, neno “mwanamke” likaondolewa, likawekwa neno “mtu”. Mizani ikakaa sawa. Lakini kila mizani ina pande mbili: mume mgeni alipata asichokuwa nacho, na mke mgeni akapoteza ile haki ya kuomba siku ya pili ya arusi. Wote wawili sasa wanangoja miaka saba.

Masharti ya kutimiza

Miaka saba peke yake haitoshi. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 imeweka masharti, na yafaa kila nyumba yenye mkwe mgeni iyajue.

Kwanza, ndoa iwe imefungwa kwa sheria inayotambulika Kenya, hata kama ilifungwa nchi nyingine. Pili, mwombaji asiwe mtu aliyepigwa marufuku kuingia nchini. Tatu, asiwe amewahi kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Nne, ndoa isiwe ya kununua karatasi, yaani ndoa iliyofungwa kwa shabaha ya kupata uraia au kibali tu. Tano, mume na mke wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifahamu. Inayohesabiwa ni miaka ya ndoa. Mgeni asiye na ndoa na Mkenya, anayeomba kwa sababu amekaa nchini kihalali, yeye ndiye anayehesabiwa miaka saba ya kuishi Kenya, na ndiye anayetakiwa aweze kuzungumza Kiswahili au lugha nyingine ya hapa. Mwenye ndoa hesabu yake huanza siku ya ndoa.

Na siku ya ndoa hujulikanaje? Kwa cheti. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapojikwaa. Mtu ametoa mahari yote, mbuzi wamechinjwa, wazee wa pande mbili wamekula na kushiba, lakini hakuna karatasi hata moja. Au nikahi imesomwa mbele ya mashahidi, kisha hakuna aliyekwenda kuiandikisha. Ndoa hizo zina heshima yake mbele ya Mungu na mbele ya watu, lakini ofisa wa uhamiaji hakuwako arusini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za serikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na inataka zote ziandikishwe. Anayengoja mpaka mwaka wa saba ndipo atafute cheti huenda akajikuta anatafuta shahidi aliyekwisha kufa.

Jambo hili linawahusu zaidi ndugu zetu wa mipakani. Wadigo wako Kwale na wako Tanga. Wamasai wako pande zote mbili za Namanga. Kijana wa Vanga akioa ng’ambo ya Horohoro, haoni kwamba ameoa nchi ya kigeni. Ameoa kwa mjomba wake. Lakini mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani ungali pale, na bibi huyo ni mgeni katika daftari mpaka aandikwe.

Kabla ya saba kutimia

Katika miaka hiyo ya kungoja, mwenzi mgeni huishi kwa pasi. Iliyo ya kawaida ni pasi ya mtegemezi, inayoombwa na mwenzake Mkenya. Pasi hiyo ni ruhusa ya kukaa, si ruhusa ya kufanya kazi ya mshahara. Ndoa ikifika miaka mitatu, mgeni anaweza kuomba ukaaji wa kudumu. Huo si uraia, lakini humwondolea mtu usumbufu wa kuhuisha pasi kila mara, na mwenye busara hauachi eti kwa kuwa bado miaka minne tu.

Na ndoa ikivunjika kabla ya kutimia saba? Mlango huo wa ndoa hufungika, na mgeni hubaki na njia ya wageni wengine. Ikivunjika baada ya mtu kuandikishwa, Katiba inasema wazi kuwa uraia haupotei kwa kuoa, kuolewa wala kuachana. Ikiwa ni mauti yaliyowatenganisha, sheria ya 2011 imeweka kifungu cha wajane, na mjane asikubali kufukuzwa na mashemeji kabla hajauliza haki yake ofisini.

Kuna faida gani?

Wako watakaosema: mbona watu wameishi miaka arobaini bila uraia na hawakufa? Kweli hawakufa. Lakini asiye raia hapigi kura, hata kama ndiye aliyewafundisha kusoma wapiga kura wote wa kijiji. Tena Katiba, katika Kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, muda usiozidi miaka 99. Mjane anayelima shamba la marehemu mumewe kwa jembe lake mwenyewe anapaswa kulifikiri neno hilo mapema, maana ugomvi wa ardhi hauanzi mpaka mwenye nyumba amezikwa.

Ni lazima pia kusema kuwa uraia wa kuandikishwa si sawa kabisa na wa kuzaliwa. Serikali inaweza kuufuta ikiwa ulipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo, au ikiwa katika miaka mitano tangu kuandikishwa mtu amehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Mwenye ndoa ya kweli na mikono safi hana la kuhofu. Kadhalika, si kila nchi inayokubali mtu wake awe na uraia wa nchi mbili. Mgeni aulize kwanza ubalozi wa kwao, asije akapata kimoja na kupoteza kingine bila kujua.

Basi shauri ni hili. Siku ya arusi ikipita na vyungu vikioshwa, andikisheni ndoa. Kila pasi iliyokwisha, kila stakabadhi na kila cheti cha mtoto kiwekwe katika bahasha moja, na bahasha iwe mahali panapojulikana na wote wawili. Mwaka wa tatu ukifika, ombeni ukaaji wa kudumu. Mwaka wa saba ukifika, msiseme mwakani. Kazi hii isiachiwe mgeni peke yake, maana yeye ndiye asiyeijua njia. Mwenyeji aliyemleta ndiye wa kumshika mkono mpaka kwenye dirisha la Idara ya Uhamiaji, kama alivyomshika mkono siku ile alipomwingiza nyumbani kwao na kusema mbele ya wazee: huyu ni wangu.